Tulipompeleka Mzee Mmadi Ngazija

Mwanamke yule aliingia dukani kwangu saa ambayo Kariakoo haina subira na mtu, wapagazi wanapita na marobota kichwani wakipiga kelele za "njia, njia!", na mimi nimeinamia kanzu ya mteja nikifumua mshono uliokwenda upande. Wangazija wanaokuja kuchukua mzigo hapa nawajua kwa namna wanavyojitanda shiromani zao na kwa Kiswahili chao kinachoimba mwishoni mwa sentensi, kwa hiyo nilidhani anataka bei ya jumla. "Shikamoo, mama," akasema. "Marahaba, karibu mwanangu, pita ndani." Akapita, akatua mifuko yake miwili ya nailoni, lakini hakuangalia nguo. Aliniangalia mimi, uso, mikono, miwani, kama mtu anayelinganisha na kitu alichosimuliwa. Kisha akauliza, "Samahani, wewe ndiye Mchaga?" Swali hilo ukiliuliza Kariakoo utaitikiwa na nusu ya mtaa. Ila yeye hakuliuliza kama kabila, aliliuliza kama jina, na kwa jina hilo niliwahi kuitwa na watu wawili tu maishani mwangu. Mmoja alikufa nikiwa nimemshika mkono. Nikamwambia ndiye mimi. "Naitwa Zalihata," akasema, "binti wa Nasoro. Baba ametutoka. Aliniagiza nikifika Dar nikutafute, kuna neno nikuulize." Niliweka kanzu chini. Nikamwambia msichana wangu wa cherehani afunge duka, naye akashangaa, maana hajawahi kuniona nafunga duka mchana.

Nilimchukua Zalihata mpaka kwangu Magomeni, nikamkaribisha sebuleni, nikaweka chai jikoni. Aliponiuliza swali lake sikuweza kumjibu papo hapo. Nilimwambia anipe nafasi nimsimulie kwanza, kwa sababu jibu lisilo na mwaka ule nyuma yake lisingekuwa jibu. Hayo niliyomsimulia ndiyo ninayoyaandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili mtaa wa Narung'ombe, nauza vitambaa katika duka la mjomba wangu. Nyumba ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna jiko la pamoja, choo na mpapai. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati. Zilikomea juu kidogo ya urefu wa mtu, na kutoka hapo mpaka paa palikuwa wazi, hivyo maneno ya chumba kimoja yalipanda yakashukia chumba cha pili kama moshi. Ulijua nani kagombana na nani, nani anakohoa, nani anasali. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mosi, mama mtu mzima wa Kizaramo aliyekaa kutwa kwenye mkeka wa ukumbini akichambua mchele na habari za watu. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barazani, alikaa Mzee Mmadi, fundi wa kanzu kutoka Ngazija, pamoja na mwanawe Nasoro. Mama yake Nasoro alikuwa amefariki zamani. Mzee alikuwa ameweka cherehani yake barazani tangu kabla Nasoro hajazaliwa, na watu walitoka Buguruni na Upanga kuja kushonewa kanzu na yeye, kwa ajili ya darizi ya shingoni ambayo aliitia kwa mkono, taratibu, huku akizungumza na wapita njia.

Mazungumzo yake yote yaliishia Ngazija. Angeanza na bei ya samaki, akafika kwenye samaki wa kwao. Angeanza na mvua, akakuambia mvua ya kwao inavyonyesha juu ya mlima wa moto. Alieleza mawe meusi ya ufukweni, msikiti wenye matao, maua ya asumini ambayo mama yake aliyachuma, na dada yake Maryamu aliyemwacha gatini akiwa msichana mdogo. Nasoro aliyasikia hayo tangu akiwa mchanga. Alizaliwa hapo hapo Narung'ombe, hakuwahi kuiona Ngazija, lakini ukimuuliza kwao atakwambia Ngazija, tena kwa fahari kuliko baba yake. Nikiwa kitandani kwangu jioni nilimsikia juu ya ukuta akimuuliza mzee, "Baba, ile njia ya kutoka msikitini mpaka nyumbani inapita upande gani?" Na mzee anamwelekeza, kata kushoto, kuna kisima, kuna nyumba ya fulani. Siku moja njia ilikata kushoto, siku nyingine ikakata kulia. Mimi nililigundua hilo. Nasoro, sijui.

Kazi ya Nasoro ilikuwa kutengeneza na kuendesha mashua za tanga za wazungu, zile nyembamba nyeupe zenye kijumba cha kulala chini ya sitaha. Alikuwa kijana mkimya, mikono imechubuliwa na kamba, na alipokuwa akirudi jioni alininunulia kashata bila kusema ni kwa sababu gani, nami nilizila bila kuuliza. Hatukuwahi kuambiana kitu. Bi Mosi ndiye aliyesema kwa niaba yetu. "Mchaga na Mngazija," angesema akipepeta mchele, "sijui hao watoto watasali wapi." Nasoro angecheka akaingia ndani, nami ningejifanya nina nguo za kuanua.

Mzee alianza kuumwa baada ya mvua za vuli. Tumbo lilijaa, miguu ikavimba, macho yakawa ya manjano. Akashindwa kula wali, akashindwa mkate, akabaki anageuza uso ukutani. Siku moja nikapika mtori kwa ajili yangu, ndizi na nyama nimeziponda mpaka zimekuwa laini, na harufu yake ikaruka ukuta kama yalivyoruka maneno. "Mchaga," nikasikia sauti yake, "unapika nini huko?" Nikampelekea bakuli. Alikula vijiko vitano, akapumzika, akala vingine. "Hiki chakula cha milimani," akasema, "kimeumbwa kwa watu wasio na meno na wasio na raha." Tangu siku hiyo hakutaka kulishwa na mtu mwingine. Asubuhi kabla ya duka nilimlisha, jioni nikirudi nilimlisha, na katikati Bi Mosi alimpangusa uso kwa kitambaa cha maji, akimsengenyea majirani ili asichoke kwa upweke.

Tukampeleka hospitali kubwa. Akalazwa, akapimwa, na mwisho daktari mmoja mpole akatuita pembeni, akasema ini limechoka sana, hakuna la kukata wala la kuunga. "Mpelekeni nyumbani," akasema, "akae na watu wake." Tukarudi kitandani. Nasoro aliinama kukusanya nguo za mzee, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia mzee kuwa tumeruhusiwa. Mzee akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi twendeni nyumbani." Nilikuwa nimesimama kati yao, na niliona neno hilo lilivyomwingia Nasoro. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyepewa kazi. Njia nzima kwenye teksi mzee aliangalia nje dirishani, akitaja maduka tuliyoyapita, huyu anadhulumu, huyu ana mke mwema, na tulipofika barazani kwetu aliweka mkono juu ya cherehani yake akauacha hapo kidogo kabla hajaingia ndani. Nasoro hakuyaona hayo. Alikuwa tayari anafikiria safari ya Ngazija.

Ndege haikuwezekana, kwa sababu mzee alikuja Dar kijana kabisa juu ya jahazi la chumvi, hana pasi ya nchi hii wala ya ile. Manahodha wa majahazi ya mizigo walimtazama Nasoro kwa huruma wakakataa. Hakuna anayetaka kubeba mtu wa kufa juu ya mzigo wa unga wa watu. Hapo ndipo ikatokea ile mashua. Mzungu mmoja aliyekuwa akisafiri mara kwa mara na Nasoro alihamishiwa kazi Moroni, mji wa huko huko Ngazija, akaomba mashua yake ipelekwe huko. Ilikuwa ndogo. Ukiunganisha chumba changu na cha Bi Mosi ndio urefu wake, mlingoti mmoja, matanga mawili, chini kuna vitanda viwili vyembamba na jiko la mafuta ya taa linaloning'inia ili sufuria isimwagike. Nilisikia Nasoro akimweleza mzee juu ya ukuta, sauti imejaa furaha kama ya mtoto. Kitanda cha mzee kikalia, kama anayejigeuza. Kisha mzee akasema, "Utaweza, baba?" Nasoro akasema, "Nitaweza." "Na wewe utafurahi?" "Baba, nitafurahi sana." "Basi haya," mzee akasema. "Kama wewe utafurahi."

Nasoro asingeweza kushika usukani na kumlisha baba yake kwa wakati mmoja. Alikuja uani nikiwa nafua, akachuchumaa upande wa pili wa beseni. "Aika," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kunitamkia jina langu halisi, "Baba hali kwa mkono wa mtu mwingine." Sikumwacha amalize. Nilisema nitakwenda. Mjomba aliposikia alipiga meza ya duka mpaka futi ya kupimia ikaanguka. "Wewe hujui hata kuogelea! Sisi watu wa kupanda milima! Unaondoka na mwanamume baharini, ukirudi usiniulize kazi." Bi Mosi yeye hakugomba. Alinikunia nazi, akanifungia mchele, ndimu na tangawizi ya kichefuchefu, akanishika kidevu. "Mlishe," akasema. "Na ukiona mambo yamekushinda, mlishe tena."

Tuliondoka asubuhi, kwa mlango wa bandari, mzee amelala chini kwenye kitanda cha upande wa kivuli. Kwenye karatasi za chombo yeye aliandikwa mpishi, akacheka mpaka akakohoa. "Mimi maisha yangu yote sijapika hata yai," akasema. Mji ukawa unateremka nyuma yetu, minara ya makanisa na misikiti, magodauni, mpaka ukawa mstari. Nilitapika siku nzima. Nilitapika nikimlisha, nikageuka nikatapika, nikanawa, nikaendelea kumlisha, naye akinipigapiga mgongoni kwa mkono wake uliovimba. Kesho yake tumbo langu lilitulia, na Nasoro akanifundisha usukani. Aliniwekea kidole kwenye kioo cha dira. "Mshale ukae hapa. Ukihama, usiukimbilie, uvute polepole." Upepo wa kaskazi ulikuwa nyuma yetu, mashua inapanda wimbi, inakaa juu, inateleza, na kwa saa ambazo Nasoro alilala mimi niliishika, msichana wa Marangu, bila nchi kavu upande wowote. Siwezi kusema uongo: nilikuwa na furaha. Chini yangu mtu alikuwa anakufa na mimi nilikuwa na furaha, na umri huu bado sijui vitu hivyo viwili viliwezaje kukaa katika mashua ndogo vile.

Mchana wa siku hiyo ya pili, mzee aliomba atolewe juu apate hewa. Tukamwegemeza kwenye mito, kichwa kwenye paja langu, Nasoro ameshika usukani. Macho yake yalikuwa maangavu kuliko siku zote, akili imetulia. Aliangalia maji kwa muda mrefu. "Nasoro," akasema, "geuza."

"Nigeuze nini, Baba?"

"Chombo. Turudi nyumbani."

"Ndiko tunakokwenda, Baba. Tunakwenda nyumbani. Ngazija."

"Ngazija nina kaburi la mama yangu," akasema mzee, bila hasira, kama anavyomweleza mteja kuwa kitambaa hakitoshi. "Na dada yangu, kama yu hai. Nyumbani kwangu ni Narung'ombe. Mama yako naye yupo huko, makaburini Kisutu, nilimzika kwa mikono yangu. Kanzu ya Mzee Shomari iko mezani haijatiwa shingo, na ile ya bwana harusi wa Ilala. Watu watakuja Idi watakuta mlango umefungwa. Geuza, baba."

Nasoro alinitazama. "Ni homa," akasema. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso la mzee. Hakuwa na homa. Nikamwambia, "Hana homa, Nasoro." Mzee akanishika mkono. "Mchaga, mwambie wewe. Mimi zile hadithi nilikuwa nashonea. Mtu akishona lazima azungumze." Nikasema, "Nasoro, tugeuze." Nasoro alikaza usukani. Alisema tukigeuza upepo utatupiga usoni, tutakwenda upande upande kama kaa, siku mbili tulizokuja zitakuwa nyingi zisizojulikana, mzee atafia njiani. Nikamuuliza, "Na tukienda mbele?" Alipangusa jasho kwa bega, asiuachie usukani. Baadaye akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Maisha yangu yote amenielekeza njia ya kwao. Sasa nimemtia njiani, ananiambia hakukuwa na kwao?" Mzee alimsikia. Aliinua mkono kama anayetaka kumgusa, lakini usukani ulikuwa mbali, mkono ukarudi. "Kupo, baba," akasema. "Kupo. Basi twende." Na hakuomba tena kwa maneno. Ila siku iliyofuata, kila nilipomnyanyua kumlisha, aligeuza uso wake nyuma, upande tuliotoka, na alikula akitazama huko.

Alifariki asubuhi, jua limeshapanda, nikiwa nimemshika mkono na kijiko kiko kwenye uji. Alimeza, akashusha pumzi, na pumzi nyingine haikuja. Nikamwita Nasoro. Nasoro alifunga usukani kwa kamba, akashuka, akamfumba macho, akamsomea, kisha akakaa sakafuni na miguu yake mirefu imekunjwa, akaniambia kwa utulivu kwamba tunaendelea, tutamfikisha, atazikwa karibu na mama yake. Sikubisha. Lakini upepo uliotusukuma siku zote hizo uliamua kukatika siku hiyo hiyo. Tanga likaning'inia kama nguo kwenye kamba. Bahari ikawa kioo, joto likawa la tanuri, na kijumba kile cha chini kikawa si mahali pa kumweka mtu. Nasoro alipanda juu akatazama mbele, hakuna kisiwa, akashuka, akapanda tena. Alipiga mluzi kuita upepo mpaka midomo ikamkauka. Alasiri yeye mwenyewe ndiye aliyesema. "Aika, nisaidie kumtoa."

Alimwosha peke yake, kwa maji ya bahari, mimi nimempa mgongo. Sanda mzee alikuja nayo mwenyewe, imekunjwa chini kabisa ya nguo zake, kwa maana mshonaji haendi safari bila kitambaa. Nasoro akafunga mnyororo wa nanga ya akiba miguuni. Akasimama kusali, na sitaha ilikuwa nyembamba hivi kwamba nilisimama nyuma yake karibu kumgusa, sijui maneno, nikafuata mikono yake ilipoinuka, na moyoni nikasema Baba Yetu, polepole, nikarudia. Tukamshusha. Nilidhani mtu akitoswa huzama mara moja na kupotea. Siyo. Maji yalikuwa safi sana, na tulimwona akishuka, mweupe, kisha wa kijani, kisha wa buluu, muda mrefu kuliko tulivyoweza kuvumilia, na Nasoro akawa anamwita, "Baba, Baba," si kwa kelele, kama nilivyozoea kumsikia akimwita juu ya ukuta.

Upepo ulirudi siku ya pili yake. Tulipoiona Ngazija, mlima umevaa wingu, mawe meusi kweli, msikiti wenye matao kweli, Nasoro alishusha macho kwenye dira. Bi Maryamu alikuwa hai. Alikuwa mwanamke mzee sasa, mwembamba, uso wake ukiwa ule ule wa kaka yake, na alikuja gatini akiwa amevishwa vizuri na watu wa nyumbani, asumini kichwani, kwa sababu habari zilitangulia kwamba Mmadi anakuja. Aliangalia ndani ya mashua, akatuangalia sisi, akaangalia tena ndani ya mashua. Alisema maneno mengi kwa Kingazija. Nasoro, aliyekuwa akijiita Mngazija kuliko baba yake, hakuyaelewa hata nusu. Ilibidi mtu wa gatini amtafsirie kwa Kiswahili: "Anauliza, yuko wapi?" Nasoro akanyoosha mkono kuelekea baharini. Yule mama hakupiga kelele. Alivua asumini kichwani, akazishika mkononi kama hajui pa kuziweka. Akauliza jingine. "Anauliza, alisema nini mwisho." Nasoro akajibu, "Alikutaja. Alifurahi kuja." Mtu yule akatafsiri, na Bi Maryamu akamkumbatia Nasoro, akambusu viganja.

Niliketi kwao siku chache. Walinilisha wali wa nazi na samaki, wakanilaza chumba chenye hewa, watoto wakaja kunichungulia. Usiku na mchana nyumba ilijaa kisomo. Nasoro aliniambia atakaa mpaka arobaini. Siku ya kuondoka kwangu na jahazi la karafuu alinisindikiza mpaka ukingoni, tukasimama. "Ukifika, mwambie Bi Mosi..." akaanza, akashindwa. Nikamsubiri. "Mwambie chumba amalizane nacho," akasema. Ndipo nikajua haji. Nilitaka kusema neno kuhusu kashata, kuhusu mimi na yeye, neno lolote, lakini nilipomtazama niliona kwamba kila atakaponiangalia maisha yake yote ataisikia sauti yangu ikisema, "Hana homa, Nasoro." Nikampa mkono. Nikapanda jahazi.

Kariakoo nilikuta Bi Mosi ameshasikia. Alilia kwanza, kisha akanipikia. Mjomba alishika neno lake, kazi sikuipata. Chumba cha mbele kilikuwa kama kilivyoachwa, na juu ya meza kweli zilikuwepo zile kanzu mbili, moja haina shingo. Idi ilikuwa imekaribia. Mzee Shomari alikuja, mtu mkubwa mwenye bakora, akasimama mlangoni, akanipa pole, akasema hana haja na kanzu tena, atachukua kitambaa tu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Nilikuwa nimemtazama mzee akitia darizi jioni nyingi wakati uji unapoa. Nikaketi barazani kwenye kiti chake, nikatia shingo, nikafumua, nikatia tena. Haikuwa nzuri. Mzee Shomari aliivaa pale pale, akajipapasa shingoni, machozi yakamtoka, akasema imemkaa. Bi Mosi akaniambia cherehani ni yangu kama nitakaa nayo pale pale barazani. Nikakaa. Nilikaa mpaka nyumba ikabomolewa na ghorofa kupanda, ndipo nikahamia fremu ya duka nililo nalo sasa. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume. Miaka ya mwanzo wafanyabiashara wa Kingazija waliniletea salamu: Nasoro anakusalimu, Nasoro ameoa, Nasoro amepata binti. Baadaye wakawa vijana wasionijua, na salamu zikakoma.

Zalihata alisikiliza yote haya bila kunikatiza, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Swali lake alikuwa amelileta tangu mwanzo, na nilipomaliza alilirudia, kama anayeogopa nimelisahau. "Baba alituambia siku zote kwamba Babu alikufa akiwa na furaha ya kufika. Wiki ya mwisho ndiyo akaniambia Babu aliomba mgeuze. Nikamwambia, Baba, usijitese, upepo usingewaruhusu. Akasema, usiniambie wewe, hukuwepo. Muulize Mchaga kama tungeweza." Akaniinulia macho. "Mngeweza, mama?"

Nilitamani kumpa jibu la kumpumzisha. Lilikuwepo, tena lilikuwa la kweli kwa upande mmoja. Lakini alikuwa ametoka mbali, na aliyemtuma hakumtuma kuchukua pole.

"Kufika tusingefika, mwanangu," nikamwambia. "Lakini kugeuza tungeweza."

Aliinamisha kichwa. Akakitua kikombe, akauliza, "Na Baba alilijua hilo?"

"Alilijua siku ile ile."

"Mimi kila nikija kuchukua mzigo nilimwambia twende, Baba, ukaone ulikozaliwa," akasema Zalihata. "Kila mwaka nilimwambia. Kila mwaka alinibebea mifuko mpaka bandarini, akanipandisha, akasimama mpaka chombo kiondoke. Hakupanda hata siku moja." Kisha akalia, nami nikamsogelea, nikamlaza kichwa pajani mwangu.